Virginia: Nchi ya Mito Minne

Vitabu vingi vya zamani husema kwamba Waingereza wa kwanza waliohamia Virginia, katika Amerika ya Kaskazini, walikufa kwa wingi kwa sababu ya uvivu wao. Waliolisema neno hili kwanza hawakuwa adui zao, bali Waingereza wenzao. Yasemwa kwamba wengi wao walikuwa mabwana wa jamaa bora, wasiojua kushika jembe, wakakaa wakitafuta dhahabu mpaka njaa ikawakuta. Maneno hayo yana ukweli ndani yake, lakini si ukweli wote, na kwa maoni yangu hayafiki hata nusu yake. Mtu atakaye kuijua sababu hasa imempasa kuitazama nchi yenyewe: jinsi mito yake ilivyokaa, jinsi bahari inavyoingia ndani yake, mvua yake na baridi yake.

Virginia iko upande wa mashariki wa bara hilo, kando ya bahari ya Atlantiki, katika latitudo ya digrii 37 hivi kaskazini ya Ikweta. London iko katika digrii 51 na nusu. Mtu akiufuata mstari wa 37 kwa kidole juu ya ramani, kuelekea mashariki, atavuka bahari na kufika kusini ya Hispania, kisha atapita karibu na kisiwa cha Sicily, kisha Ugiriki. Wakuu wa Kampuni ya Virginia, walioketi London na kutoa fedha za safari, waliufuata mstari huo hivyo hivyo. Wakaona kwamba nchi iliyo sawa na Hispania juu ya ramani itakuwa sawa nayo kwa hali ya hewa pia. Wakatumaini kupata huko divai, hariri, mafuta ya zeituni na machungwa, vitu ambavyo Uingereza ilivinunua kwa bei kubwa kutoka kwa mataifa mengine.

Hesabu ya latitudo ilikuwa sahihi. Jambo wasilolijua ni upepo. Katika sehemu hizo za dunia pepo nyingi huvuma kutoka magharibi kwenda mashariki. Upepo ufikao pwani za Ulaya umetoka baharini, na kwa kuwa bahari haipati joto upesi wala haipoi upesi, makali ya baridi ya huko hupunguzwa. Lakini upepo ufikao Virginia umepita kwanza juu ya nchi kavu kwa mamia na maelfu ya maili, na nchi kavu hupata moto upesi na kupoa upesi. Ndiyo sababu mahali pale pale huwa na joto kama la nchi za Tropiki katika Julai, na theluji katika Januari. Mjini Richmond wastani wa joto la Julai ni digrii 26 hivi za sentigredi, na mchana hufika 32 mara nyingi; katika Januari wastani ni digrii 3 hivi tu, na usiku maji huganda. Mvua ni kadiri ya inchi 44 kwa mwaka. Hakuna masika wala vuli kama zetu. Mvua hunyesha kila mwezi, na ya majira ya joto huja pamoja na radi na ngurumo.

Tena miaka ile ilikuwa ya baridi kuliko kawaida. Wataalamu wa hali ya hewa hukiita kipindi hicho Zama Ndogo za Barafu, na majira ya baridi ya mwaka 1607 hadi 1608 yalikuwa makali hata mto Thames uliganda mjini London. Machungwa hayawezi kustahimili hali ya namna hiyo.

Sasa tuitazame nchi. Mtu ajaye kwa merikebu kutoka mashariki huona kwanza rasi mbili: Cape Henry upande wa kusini, na Cape Charles upande wa kaskazini. Kati yake mna mlango wa bahari wenye upana wa maili 12 hivi, na mlango huo huingia katika ghuba kubwa iitwayo Chesapeake. Ghuba hii ina urefu wa maili 200 hivi kwenda kaskazini, lakini kina chake ni kidogo sana, kwa wastani futi 21 tu. Asili yake ni hii: zamani, wakati barafu nyingi ilipofunika kaskazini ya dunia, maji ya bahari yalikuwa chini sana, na mahali pa ghuba palikuwa bonde la mto Susquehanna. Barafu ilipoyeyuka bahari ikapanda, ikalifunika lile bonde. Basi Chesapeake ni mto uliozama. Zaidi ya hayo, chini ya sehemu yake ya kusini, karibu na Cape Charles, limo shimo kubwa lenye upana wa maili zaidi ya 50, lililochimbwa na jiwe kutoka angani miaka milioni 35 hivi iliyopita. Shimo lenyewe limejaa udongo na halionekani, lakini visima virefu vinavyochimbwa juu yake hutoa maji ya chumvi.

Upande wa magharibi wa ghuba hiyo hushuka mito minne mikubwa: Potomac, Rappahannock, York na James. Nayo pia mabonde yake yalizama. Kwa hiyo katika sehemu ya chini mito hiyo ni mipana kama ghuba, na maji yake hupwa na kujaa pamoja na bahari. Msomaji aliyepata kukaa Mombasa ameyaona maji yakiingia na kutoka katika mahori ya Kilindini na Tudor. Na afikiri sasa jambo hilo likitendeka ndani ya mto, si kwa maili mbili tatu, bali mpaka Richmond, ndani kabisa ya nchi. Kati ya mto na mto kuna ulimi wa nchi, mrefu na mwembamba, wenye ardhi ya chini, udongo wa mchanga na tifutifu, misitu mikubwa na vinamasi vingi. Sehemu hii yote huitwa nchi ya maji ya kujaa na kupwa. Mwisho wake ni mahali ambapo miamba migumu ya bara hukutana na udongo laini wa pwani, na kila mto huanguka kwa maporomoko. Hapo ndipo ilipojengwa baadaye miji ya Richmond na Fredericksburg, kwa sababu vyombo havikuweza kupanda zaidi. Ng'ambo ya maporomoko nchi huinuka taratibu kwa vilima vya udongo mwekundu, mpaka milima ya Blue Ridge, na nyuma ya milima hiyo liko bonde zuri la Shenandoah. Lakini watu tunaowasimulia hawakufika huko. Kwa miaka mingi Virginia yao ilikuwa ile ndimi za nchi za chini, nao walikaa kandokando ya maji.

Merikebu tatu, Susan Constant, Godspeed na Discovery, zilitoka London katika Desemba 1606, zikafika Cape Henry katika Aprili 1607. Watu 104 hivi, wanaume na wavulana, ndio waliokuwa wakae huko. Walikuwa na barua ya maagizo kutoka kwa Kampuni, na maagizo hayo yamehifadhiwa mpaka leo. Waliambiwa wapande juu ya mto mkubwa, mbali na bahari, ili Wahispania wasiwavamie. Kwa maana Wahispania walikuwa wamewaua Wafaransa waliojenga Florida katika mwaka 1565, na habari hiyo ilikuwa haijasahauliwa. Waliambiwa waangalie mto uelekeao kaskazini-magharibi, ili huenda ukawafikisha kwenye bahari ya upande wa pili, watu wa London wasijue kwamba bahari hiyo iko mbali maelfu ya maili. Na waliambiwa neno jingine, tena waziwazi: wasijenge mahali pa chini wala penye unyevu, kwa kuwa pataleta maradhi.

Wakauingia mto James na kutafuta kwa siku kadha wa kadha. Palikuwa na mahali pamoja ambapo baadhi yao walipapenda, penye ardhi njema, lakini merikebu hazikuweza kukaribia ufuko. Wakapakataa. Katika Mei wakachagua kisiwa, zaidi ya maili 30 kutoka mlango wa mto, ambacho wakati huo kilishikana na bara kwa shingo nyembamba ya ardhi. Mbele yake mkondo wa mto ulipita karibu sana na ukingo, wenye kina cha pima sita, hata merikebu zilifungwa kwa kamba katika miti ya ufukoni. Kwa macho ya baharia na askari hapakuwa na mahali pazuri zaidi. Adui wa nchi kavu hawezi kuingia ila kwa njia moja, na adui wa baharini ataonekana kutoka mbali. Hapo wakajenga ngome ya pembe tatu, wakapaita Jamestown, kwa jina la mfalme wao. Lakini sehemu kubwa ya kisiwa ilikuwa kinamasi, wala hapakuwa na chemchemi. Wenyeji wa upande ule, kabila la Wapaspahegh, walikihesabu kuwa chao lakini hawakuwa na kijiji juu yake. Sidhani kwamba wageni waliwauliza kwa nini.

Merikebu mbili ziliporudi Uingereza katika Juni, watu walionekana wazima. Katika Agosti wakaanza kufa, siku moja huyu, siku ya pili yule, na siku nyingine wawili au watatu pamoja. George Percy, aliyekuwapo, ameacha maandishi ya habari hizo. Anataja kuvimba mwili, kuhara, na homa za kuunguza. Na anasema kwamba kinywaji chao kilikuwa maji ya mto, ambayo yalipojaa yalikuwa na chumvi nyingi, na yalipopwa yalikuwa yamejaa tope na uchafu. Kufika Januari 1608 walikuwa wamebaki watu 38 hivi.

Kwa muda mrefu wasomaji wa maandishi ya Percy waliyapita maneno hayo ya maji kana kwamba ni manung'uniko ya kawaida. Katika mwaka 1979 mtaalamu wa jiografia, Carville Earle, aliyashika na kuyafikiri upya. Katika mto wa namna hii kuna mahali ambapo maji matamu yashukayo kutoka bara hukutana na maji ya chumvi yapandayo kutoka baharini. Mahali hapo hapatulii. Katika majira ya baridi na ya kuchipua mto huwa umejaa, na nguvu ya maji matamu huisukuma chumvi chini. Katika majira ya joto mto hupungua, na chumvi hupanda juu. Jamestown ilijengwa pale pale ambapo mapambano hayo hutua katika miezi ya Julai, Agosti na Septemba. Tena, pale maji mawili yanapokutana uchafu hauchukuliwi kwenda baharini. Huenda chini kidogo wakati wa kupwa, kisha hurudishwa wakati wa kujaa. Watu mia wakitupa uchafu wao mtoni na kuteka maji mtoni, wamejinywesha kuhara damu na homa ya matumbo kwa mikono yao wenyewe. Visima walivyochimba baadaye havikuwa virefu, navyo viliingiliwa na maji ya namna ile ile.

Na hapa ndipo penye ile habari ya uvivu. Mtu anywaye maji ya chumvi kila siku mwili wake huvimba, hulegea, hukosa hamu ya kazi, na hukasirika kwa jambo dogo. Wakubwa wa Jamestown waliandika kwamba watu wao walilala mchana, waligombana, na hawakutaka kulima. Yawezekana walikuwa wavivu. Lakini msimamizi aonaye kibarua amelala chini ya mti hana budi kwanza kumwangalia uso.

Wenyeji wa nchi hiyo walikuwa wameishi humo kwa karne nyingi. Waliiita nchi yao Tsenacommacah, na kabila zao, kadiri ya thelathini, zilikuwa chini ya mkuu mmoja, Wahunsenacawh, ambaye Waingereza walimwita Powhatan. Inakadiriwa kwamba watu wake walikuwa 14,000 au 15,000. Kapteni John Smith, aliyejifunza habari zao kuliko wenzake, ameandika kwamba waligawanya mwaka katika majira matano, si manne. Cattapeuk ni majira ya kuchipua. Cohattayough ni ya joto. Nepinough ni wakati mahindi yanapotoa masuke. Taquitock ni wakati majani yanapoanguka. Na Popanow ni majira ya baridi. Kuyapa masuke ya mahindi majira yake peke yake ni jambo ambalo mkulima ye yote atalielewa mara moja.

Mashamba yao yalikuwa kazi ya wanawake. Miti mikubwa haikukatwa. Iliambuliwa gome pande zote ikafia palepale, na chini yake wakatifua udongo kwa majembe ya miti. Katika kila shimo walitia punje nne za mahindi na maharagwe mawili, ili maharagwe yapande juu ya bua, na kati ya mistari wakapanda maboga. Udongo ulipochoka wakahamia msitu mwingine. Walakini hawakutegemea mahindi peke yake, na hii ndiyo akili yao hasa. Katika Machi na Aprili samaki wengi hupanda mito kutoka baharini kutaga mayai, nao waliwanasa kwa uzio wa fito. Katika Mei na Juni, akiba ya mahindi ilipokuwa imekwisha na mapya hayajakomaa, vijiji vilitawanyika: hawa wakaenda kwenye chaza, wengine kwenye mizizi ya vinamasi, wengine msituni. Wakati ule ule ambapo Waingereza walijisonga ndani ya ngome moja, wakinywa maji ya mahali pamoja, wenyeji walikuwa wameenea nchi nzima.

Kuhusu mahindi kuna jambo dogo lipasalo kusemwa kwa wasomaji wa Kenya. Aina moja ya mahindi meupe yenye punje pana, iitwayo Hickory King, ilitokea Virginia katika karne ya 19. Mbegu zake zilifika Afrika ya Kusini, na kutoka huko zikaletwa Kenya mwanzoni mwa karne ya 20, zikawa miongoni mwa mbegu zilizozaa mahindi meupe ya nyanda za juu. Basi wakulima wetu wengi wamekula matunda ya nchi hii bila kujua.

Turudi kwenye habari yetu. Chumvi peke yake ingetosha kuwasumbua wale wageni, lakini lilikuwapo jambo la pili ambalo hakuna aliyelijua sawasawa mpaka mwaka 1998. Kusini ya Virginia, kando ya mito Blackwater na Nottoway, imo miti ya aina ya saipresi iotayo ndani ya maji na kuishi karne nyingi. Kila mwaka mti huongeza duara moja ndani ya shina lake. Mwaka wa mvua duara huwa nene, na mwaka wa ukavu huwa nyembamba. David Stahle na wenzake walizihesabu duara hizo na kurudi nyuma kwa karne nane hivi. Wakaona kwamba miaka saba kutoka 1606 hata 1612 ilikuwa mikavu kuliko miaka saba mingine yo yote iliyofuatana katika muda wa miaka 770. Na ile koloni ya Waingereza, iliyowekwa katika kisiwa cha Roanoke kusini zaidi mwaka 1587, ambayo watu wake walipotea wasionekane tena, nayo iliangukia katika miaka mitatu ya ukavu mkali kuliko mingine yote katika karne nane.

Hebu tuliweke jambo hili mahali pake. Merikebu zilifika Virginia katika mwaka wa pili wa ukame wa miaka saba. Mto ulikuwa na maji machache kuliko desturi, kwa hiyo chumvi ilipanda juu kuliko desturi. Mahindi ya wenyeji yalikuwa machache. Waingereza walikuwa wametumaini kununua chakula kwa shaba na ushanga. Wenyeji walipokataa kuuza, wageni walidhani ni hila, wakaenda na bunduki. Kumbe watu hawakuwa na ziada. Smith mwenyewe anasimulia kwamba mkuu wa kabila moja la ng'ambo ya mto alimpelekea zawadi, akimsihi amwombe Mungu wake mvua, kwa kuwa mahindi yake yalikuwa yakifa. Smith aliiandika habari hiyo kama jambo la dini. Sisi tukiisoma leo twaiona kuwa taarifa ya hali ya hewa.

Katika mwaka 1609 panya walikula nafaka ya ghalani, na Smith, aliyekuwa mkubwa wa koloni, akawatawanya watu wake kama wenyeji walivyofanya: wengine kwenye chaza, wengine mdomoni mwa mto kuvua, wengine juu kwenye maporomoko. Kazi hiyo iliwaponya wengi. Lakini katika vuli ya mwaka ule aliungua vibaya kwa baruti akarudi Uingereza. Nayo merikebu kubwa Sea Venture, iliyowachukua viongozi wapya, ilikuwa imepigwa na tufani katika Julai na kuvunjika katika visiwa vya Bermuda. Watu waliobaki walijikusanya tena Jamestown, na wenyeji wakaizunguka ngome mtu asitoke kuwinda wala kuvua. Majira hayo ya baridi yanaitwa wakati wa njaa kuu. Walikula farasi, mbwa, paka, panya na ngozi za viatu. Na mifupa iliyochimbuliwa huko katika mwaka 2012 imethibitisha neno lililoandikwa na Percy, kwamba walikula hata maiti. Kati ya watu 300 hivi walibaki 60. Wale wa Bermuda, ambao walikuwa wamejenga vyombo viwili kwa mbao za kisiwani, walifika katika Mei 1610 wakawakuta kama vivuli. Wakakata shauri kuiacha nchi. Wote wakapanda vyomboni, wakashuka mto, na njiani wakakutana na merikebu za Lord De La Warr zikija na chakula. Wakarudishwa.

Virginia haikuanza kukaa sawa ila watu walipoondoka kwenye ule mkutano wa maji. Katika mwaka 1611 Sir Thomas Dale alipanda mto, karibu na maporomoko, akajenga Henricus, mahali pa juu, penye maji matamu. Dale alikuwa mtu mkali sana, wala sitaki kumsifu kwa adhabu zake. Lakini mwaka 1614 alifanya jambo la maana. Mpaka hapo wote walilima shamba moja la Kampuni na kula kutoka ghala moja. Yeye akawagawia wengi wao ekari tatu kila mtu, ajilimie. Karani wa koloni, Ralph Hamor, akaandika kwamba watu watatu wakijilimia walivuna zaidi ya watu thelathini wa zamani. Na mvua nazo zilikuwa zimerudi.

Zao lililoitajirisha nchi ni tumbaku. Tumbaku ya wenyeji ilikuwa kali na chungu. Katika mwaka 1612 hivi John Rolfe alipata mbegu tamu kutoka makoloni ya Wahispania ya kusini, akaona inaota vizuri katika udongo mwepesi wa kando ya mto. Lile joto la Julai, ambalo lilikuwa limewaua wenzake, ndilo ililolitaka. Katika mwaka 1617 ratili 20,000 zilipelekwa Uingereza. Katika mwaka 1629 zilikuwa milioni moja na nusu. Watu wakapanda tumbaku hata njiani, na ilibidi serikali iwalazimishe kupanda mahindi. Udongo ule haukuwa na nguvu nyingi. Baada ya miaka mitatu au minne ya tumbaku shamba lilichoka, likapandwa mahindi kidogo, kisha likaachwa miaka ishirini. Kwa hiyo kila mlowezi alitaka ardhi mara nyingi kuliko aliyoweza kuilima, na ardhi yenyewe ilikuwa ya Wapowhatan. Vita vya 1622, vilivyoanza kwa kuuawa Waingereza 347 katika siku moja, vina mzizi wake hapo, katika udongo uliochoka.

Ile mito minne ikawa barabara. Merikebu ilipanda na maji ya kujaa mpaka gati ya mkulima, ikashusha majembe na nguo za London, ikapakia mapipa ya tumbaku. Kwa sababu hiyo Virginia haikuwa na miji ya maana kwa karibu miaka mia. Mwenye gati hana haja ya soko. Kwa njia hiyo hiyo ya maji waliletwa Waafrika. Katika Agosti 1619 merikebu White Lion ilifika Point Comfort, mlangoni mwa mto James, ikiwa na watu ishirini na kitu, walionyang'anywa kutoka merikebu ya Wareno iliyotoka Luanda, Angola. Walibadilishwa kwa chakula. Siku chache baadaye ilifika merikebu ya pili, Treasurer. Katika hesabu ya watu ya mwaka 1625 limo jina la mwanamke mmoja aliyekuja kwa merikebu hiyo, Angela, akikaa Jamestown katika nyumba ya kapteni mmoja. Hesabu hiyo ilikuta wakazi 1,200 hivi tu katika koloni nzima, ijapokuwa maelfu walikuwa wamevuka bahari tangu 1607.

Jamestown yenyewe ilibaki makao makuu, pamoja na mbu wake, homa zake na maji yake, mpaka mwaka 1699. Nyumba ya serikali ilipoungua tena, wakuu wakahamia Williamsburg, maili chache tu kutoka hapo, juu ya mgongo wa nchi kati ya mto James na mto York, penye ardhi kavu na visima vyema. Kisiwa kikageuzwa mashamba. Mawimbi ya mto yakala ile shingo ya ardhi mpaka ikakatika. Watu wakadhani kwamba ngome ya 1607 nayo imeliwa na mto, hata mwaka 1994 wachimbaji walipoanza kufukua wakaiona karibu yote ipo, isipokuwa pembe moja.

Siku hizi maji yanapanda tena. Bahari inaongezeka, na ardhi ya sehemu hizo, iliyo laini, inazama kidogo kidogo. Mvua kubwa zikinyesha, maji husimama juu ya mahali wachimbaji wanapofanya kazi, na katika mwaka 2022 Jamestown iliandikwa katika orodha ya mahali pa historia palipo hatarini zaidi katika Marekani. Wachimbaji hufunika mashimo yao kwa mifuko ya mchanga, na kando ya mto ukuta wa zege uliojengwa mwanzoni mwa karne ya 20 umeongezewa mawe.